Malambo ya Kwale: Kinywaji cha mifugo, bafu la watoto na makao ya kichocho

LAMBO ni ziwa dogo lililotengenezwa na binadamu kwa kuchimba ardhi au kuziba mkondo, ili maji ya mvua yasimame mahali pamoja badala ya kukimbilia baharini. Katika Kaunti ya Kwale, Wamijikenda huita ziwa au kidimbwi ziya, bila kutofautisha sana kilichochimbwa kwa tingatinga na kilichokuwapo tangu enzi za mababu. Magazeti nayo huandika "bwawa" kwa kila kitu chenye maji yaliyozuiwa, kuanzia shimo la kunyweshea mbuzi hadi Masinga, jambo linalomkanganya msomaji anayetaka kujua ukubwa wa kinachozungumzwa. Makala haya yanahusu hasa malambo madogo: yale ambayo kijana mwenye mkono mzuri huweza kutupa jiwe likafika ng'ambo ya pili.

Malambo hayo hayakuchimbwa kwa ajili ya kuogelea wala kuvua. Yalichimbwa kwa ajili ya mifugo na maji ya nyumbani. Hata hivyo, popote penye maji yaliyotuama katika nchi kavu, watoto wataoga na kuna mtu atatupa ndoana. Matumizi hayo mawili, ambayo kwa kawaida hayamo katika mchoro wa mhandisi, ndiyo yanayogeuza neema ya maji kuwa chanzo cha maradhi, na ndiyo yaliyowaleta wanasayansi wa tiba Msambweni na vijiji jirani kwa zaidi ya miongo mitatu.

Kiu ya nyika

Msafiri anayetoka Diani kwenda Kinango hutumia saa moja na ushei kwa gari, lakini hupita katika nchi mbili tofauti. Ukanda wa pwani hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na chini ya mchanga na matumbawe mna maji ya visima. Maji ya Tiwi ndiyo huvutwa kwa mabomba kupelekwa Ukunda, Diani na hata Likoni. Juu ya pwani hiyo imeinuka Milima ya Shimba, yenye msitu wake na chemchemi ya Marere, ambayo imeinywesha Mombasa kwa miongo mingi.

Mtu akishateremka upande wa pili wa milima, mambo hubadilika. Kinango, Ndavaya na nchi yote hadi Mackinnon Road ni nyika. Mvua ni haba, na maji ya chini ya ardhi mara nyingi huwa na chumvi kiasi cha kuwashinda hata ng'ombe. Hapa ndipo penye Waduruma wengi, watu ambao mali yao ni mifugo, na hapa ndipo lambo lisipokuwapo hakuna kijiji. Baina ya Oktoba 2020 na Desemba 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika maeneo kame ya Kenya, Kwale ikiwamo, na malambo mengi yakabaki ardhi iliyopasuka.

Jua ndilo mnywaji mkubwa kuliko wote. Chukua lambo la mita 60 kwa 50, lenye kina cha mita 3. Kama kingo zake zingekuwa wima, lingehifadhi mita za ujazo 9,000 za maji. Ng'ombe mmoja hunywa kama lita 40 kwa siku. Ng'ombe 100 kwa mwaka mzima hawafikishi mita za ujazo 1,500. Lakini katika nyika ya pwani tabaka la maji la karibu mita 2 huweza kugeuka mvuke kwa mwaka, yaani mita za ujazo 6,000 katika lambo letu. Jua hunywa mara nne ya ng'ombe wote 100, na hapo hatujahesabu yanayozama ardhini. Ndiyo maana mafundi wenye busara husisitiza kina badala ya upana. Lambo pana lisilo na kina hupendeza machoni wakati wa masika, likawa limekauka kabla ya vuli.

Ujenzi wenyewe si jambo gumu kulieleza. Huchaguliwa bonde lenye udongo wa mfinyanzi, udongo unaochimbwa hushindiliwa kuwa tuta upande wa chini, na huachwa njia ya kutolea maji ya ziada. Njia hiyo ikiwa nyembamba, maji hupanda juu ya tuta na kulikata. Wakenya walilishuhudia hilo Solai, Kaunti ya Nakuru, usiku wa Mei 9, 2018, wakati ukuta wa bwawa la shamba ulipopasuka na kuwaua zaidi ya watu 40. Malambo ya Kinango ni madogo mno kuleta msiba wa kiwango hicho. Adui yao wa kawaida ni tope, ambalo huingia kila mvua inaponyesha kutoka malisho yaliyokwisha nyasi, na kuyajaza kidogo kidogo hadi siku moja wanakijiji wakagundua kwamba wanachota kutoka sahani.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, serikali ya kaunti imechimba na kupanua malambo kadhaa. Linalotajwa zaidi ni la Nyalani, Kinango, ambalo sasa ni bwawa hasa, na maji yake yamewawezesha wakulima kupanda mboga mahali palipozoea mahindi ya kubahatisha.

Samaki watokao wapi?

Swali hili huulizwa na kila mgeni. Lambo huchimbwa mahali pakavu, na baada ya misimu miwili au mitatu watu huanza kutoa humo samaki. Wazee wana maelezo yao, na baadhi huwa hayana ubishi: kuna mtu aliyeleta perege wachache katika ndoo. Lakini kambare hahitaji kubebwa. Samaki huyu asiye na magamba ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua yake, na usiku wa mvua kubwa huweza kujiburura katika majani yenye maji kutoka dimbwi moja hadi jingine. Mafuriko yanapounganisha kijito na lambo, kambare huwa wa mbele kuwasili.

Perege huzaa upesi mno. Katika lambo dogo lisilovuliwa ipasavyo, huwa wengi na wadogo, wote wakigombea chakula kilekile, na mvuvi huishia na samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Anayekaa na kambare pamoja na perege hupata nafuu kwa kuwa kambare hula vifaranga. Maarifa haya ndiyo yaliyotumika pia katika mabwawa ya samaki ya serikali. Katika mpango wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka wa fedha wa 2009/10, maeneo bunge 140 kote nchini yalichimbiwa mabwawa 200 kila moja, kila bwawa likiwa na meta mraba 300. Palipokuwa na udongo wa mchanga ilibidi kutandikwa karatasi ya plastiki ili maji yasizame. Mengi ya mabwawa hayo, nchini kote, yaliachwa baadaye kwa kukosa chakula cha samaki na maji ya kujazia. Lambo la kijiji, ambalo halikuwahi kuitwa mradi wa samaki, mara nyingine limedumu zaidi.

Namna ya kuvua ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mzee anayekaa ukingoni na mshipi wake hagusi maji ila vidole. Anayetega mgono huingia na kutoka. Lakini wanawake na watoto wanaotanda kwa kanga au chandarua kikuukuu hukaa ndani ya maji hadi kiunoni kwa saa nzima au zaidi, tena karibu na majani, mahali hasa ambapo samaki wadogo hujificha. Tutaona hivi punde ni nani mwingine anayeishi katika majani hayo.

Kiumbe wa majanini

Kichocho huanza na mkojo. Mtu mwenye ugonjwa anapokojoa majini au kando ya maji, mayai ya mnyoo huanguliwa na kutoa kijidudu kinachoogelea kikimtafuta konokono. Si konokono yeyote. Katika pwani ya Kenya ni yule wa jamii ya Bulinus, mdogo asiyezidi sentimita 2, mwenye nyumba yenye rangi ya kahawia. Asipopatikana katika muda wa saa chache, kijidudu hufa na habari ikaishia hapo. Akipatikana, vimelea huzaliana ndani yake kwa majuma kadhaa, kisha konokono mmoja huanza kutoa mamia, hata maelfu, ya vijidudu vipya kila siku.

Vijidudu hivi vipya havimtafuti konokono tena. Vinatafuta ngozi. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, saa zilezile ambazo mtoto aliyechoshwa na joto hulikumbuka lambo. Hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote kwa muda wa dakika chache. Huishi majini kwa siku moja hadi mbili tu, na ukweli huu mdogo una manufaa makubwa, kama itakavyoelezwa.

Ndani ya mwili, minyoo hukomaa na kukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, dume na jike pamoja, kwa miaka mitatu, mitano au zaidi. Jike hutaga mayai kila siku. Baadhi hutoka na mkojo, yakiukwaruza ukuta wa kibofu na kuleta damu. Mengine hukwama mwilini, na ni haya yaliyokwama yanayoleta madhara ya kudumu. Mtoto hupungukiwa damu, hudumaa na kusinzia darasani. Kwa miaka mingi kibofu huweza kuwa kigumu, figo zikaathirika, na hatimaye saratani ya kibofu ikatokea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtaja mnyoo huyu rasmi kuwa kisababishi cha saratani mwaka 1994.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo kwa muda mrefu haikusemwa hadharani. Mayai hukwama pia katika viungo vya uzazi vya mwanamke, yakaleta vidonda, maumivu, kutokwa damu na hata utasa. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, hivyo mwanamke aliyeambukizwa alipokuwa msichana akioga lambo huweza kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao, na kutiliwa shaka asiyostahili. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba vidonda hivyo huongeza pia hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Kwa upande wa wavulana, katika sehemu nyingi za Afrika mkojo wenye damu ulichukuliwa kuwa dalili ya kubaleghe, jambo la kutaniwa na wenzao badala ya kupelekwa hospitali.

Milalani na kidimbwi chake

Mwaka 1984 wataalamu wa Kenya, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Cleveland, Marekani, walianza kuwapima na kuwatibu wanafunzi wa eneo la Msambweni. Kazi hiyo iliendelea mwaka baada ya mwaka hadi 1992, na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) imeendelea kuwa na watafiti katika wilaya hiyo ya zamani. Dawa zilifanya kazi: damu katika mkojo ilipungua, uvimbe wa kibofu ukashuka. Lakini watoto waliotibiwa waliambukizwa tena, na hawakuambukizwa sawasawa. Kijiji alichoishi mtoto kilieleza mengi kuhusu hatari yake ya kuugua upya.

Baadaye watafiti walichukua ramani na kuweka kila nyumba ya Milalani, karibu na Msambweni, mahali pake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba watoto wenye maambukizi mazito walisongamana karibu na kidimbwi kimoja chenye konokono wengi. Nyumba za mbali zilikuwa na afueni. Kwa maneno mengine, ugonjwa ambao katika takwimu huonekana umetapakaa wilaya nzima, ukitazamwa kwa karibu ulikuwa na anwani.

Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2007, uliangalia jinsi maji ya mvua yanavyopita kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Ukame huwapunguza konokono hadi mtu akadhani wamekwisha. Lakini Bulinus wa vidimbwi vya pwani ana uwezo wa kujifukia topeni na kungoja kwa miezi, na mvua kubwa inapokuja mkondo huwasomba na kuwapeleka katika maji yaliyokuwa salama. Lambo jipya, basi, halibaki bila konokono kwa muda mrefu. Akifika kambare, naye yu njiani.

Vidonge, sumu na samaki

Tiba ya kichocho ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo humezwa mara moja kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Ni dawa ya bei nafuu na salama, na Kwale ni miongoni mwa kaunti ambazo wanafunzi wamepewa vidonge hivyo shuleni chini ya mpango wa kitaifa wa kutibu minyoo. Kasoro zake ni mbili. Haiui minyoo michanga, hivyo aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita hubaki na ugonjwa. Na haimkingi mtu anayerudi majini kesho yake.

Aidha, mpango unaofanyiwa shuleni huwaacha nje wasiokwenda shule: mchungaji, mama anayefua, mvuvi, na mtoto mchanga anayeogeshwa ukingoni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba panapokuwa na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, watu wote kuanzia umri wa miaka 2 wapewe dawa kila mwaka. Kwa walio wadogo zaidi, kidonge maalumu cha kuyeyushwa, kinachofaa kuanzia umri wa miezi mitatu, kilipata kibali cha WHO mwaka 2024.

Je, kwa nini konokono wasiuawe? Dawa ipo, nayo huitwa niklosamaidi. Imetumika kwa miaka mingi, ikiwemo katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako baina ya 2011 na 2017 vidonge, sumu ya konokono na mafunzo vilijaribiwa kwa pamoja. Maambukizi yalishuka sana, ingawa hayakutoweka. Tatizo la sumu hiyo katika lambo la Kwale ni kwamba huua samaki pia. Afisa wa afya anayekuja na pampu mgongoni humwondolea mwanakijiji ugonjwa asiouona, na kitoweo anachokiona. Si ajabu akipokewa kwa baridi. Njia nyingine ni ya wanyama walao konokono. Nchini Senegal, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kamba wa mtoni waliowekwa mahali pa kuchotea maji walipunguza konokono na maambukizi. Lakini kamba hao huhitaji maji ya chumvi kidogo ili wazaliane, na lambo la Kinango halina mlango wa bahari.

Linalobaki ni kulipanga lambo lenyewe, na hapa gharama si kubwa kama watu wanavyodhani. Mifugo ikinyweshwa katika hori lililojengwa chini ya tuta, maji yakishuka kwa bomba, tope na kinyesi hupungua na kingo hazibomoki. Ua wa miiba huwazuia ng'ombe na pia watoto wadogo ambao huteleza kwenye udongo wa mfinyanzi na kuzama. Mteremko mkali uliolowa hauna pa kushikia, na hata ajuaye kuogelea huweza kushindwa kutoka. Majani ya ukingoni yakikatwa, konokono hukosa chakula na makao. Choo kikijengwa karibu, lakini upande wa chini, mchungaji hana sababu ya kukojoa majini.

Kuhusu kuoga, kumbuka kwamba kijidudu cha kichocho hufa katika siku mbili. Maji yaliyotekwa na kuwekwa katika pipa lililofunikwa kwa saa 48, bila konokono ndani yake, hayaambukizi tena kichocho, ijapokuwa bado ni lazima yachemshwe au kutiwa dawa kabla ya kunywewa. Bafu la makuti, pipa mbili na kata, vikiwekwa hatua chache kutoka ukingoni, humtoa mama na mtoto majini kabisa. Anayelazimika kuingia kuvua, heri aingie alfajiri kuliko adhuhuri, na heri mshipi kuliko chandarua. Kijana wa miaka kumi na miwili, tukiri, hatashawishika na bafu la makuti. Huyo ndiye anayepaswa kupewa dawa bila kukosa.

Mabwawa makubwa

Haya yote yangeweza kuchukuliwa kuwa habari za vijiji, lau Kwale isingekuwa inaingia katika enzi ya mabwawa makubwa. Kwenye Mto Mukurumudzi, kampuni ya Base Titanium ilijenga bwawa la zaidi ya lita bilioni 8, lililokamilika mwaka 2013, kwa ajili ya kuoshea mchanga wenye madini. Uchimbaji ulikoma Desemba 2024 madini yalipokwisha, lakini maji hayakuondoka na wachimbaji. Huko Kinango nako kunajengwa bwawa la Mwache, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, lenye ukuta wa urefu wa zaidi ya mita 80, ili kuzihudumia Kwale na Mombasa.

Senegal ilipokamilisha bwawa la Diama mwaka 1986, maji ya chumvi yalizuiwa yasipande mtoni, kilimo kikanawiri, na kufikia mwaka 1988 mji wa Richard Toll ulikuwa tayari umeanza kupata wagonjwa wa kichocho cha tumbo, aina ambayo haikuwapo hapo awali. Aina hiyo haina makao katika pwani yetu, kwa kuwa konokono wake hastahimili joto la tambarare. Ile ya kibofu tayari ipo.

Konokono hawapendi kina kirefu wala mawimbi. Katika bwawa la ukubwa wa Mwache watatafuta vihori vya pembezoni, penye maji ya magotini na majani, yaani palepale ambapo mtumbwi hutia nanga na mtoto hujifunza kuogelea. Mahali pa kuteremkia wavuvi, mabafu na vyoo vya kingo hizo huweza kuchorwa katika ramani kabla ya maji kujaa, wakati ardhi ingali kavu na mtu huweza kuikanyaga.